Picha ya ECG kwa bingwa wa moyo aliye mbali

Tabibu mwenzangu, umeuliza kama, kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na shambulio la moyo, inatosha kumtumia bingwa wa moyo picha ya ECG (karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo) kwa simu, maana hospitali yenu ya wilaya haina bingwa. Inasaidia sana, ila picha ipigwe vizuri. Laza karatasi mezani, epuka mng'ao wa taa, mistari yote 12 ionekane hadi vile viboksi vidogo, jina la mgonjwa lifunike. Andika umri, presha, kisukari, na maumivu ya kifua yalianza saa ngapi. Hiyo saa usiisahau kabisa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na kadiri mnavyochelewa msuli wa moyo unazidi kufa.

Usisubiri jibu ndipo utoe aspirini. Kama hana mzio wala havuji damu, atafune miligramu 300 papo hapo. ECG ipigwe ndani ya dakika 10 tangu afike. Ikiwa safi na maumivu bado yapo, irudie baada ya dakika 15. Na tafadhali, mama mwenye kisukari anayelalamikia uchovu na kichefuchefu tu, mpime pia. Hao ndio tunaowarudisha nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo, kumbe ni moyo.

Namba ya bingwa wa zamu iombeni leo kupitia mganga mfawidhi, muibandike ukutani kando ya mashine.