Kabla ya kupima hoja yako, wanakupima wewe

Mwaka juzi nilisimama mbele ya kikundi chetu cha wakulima wa viazi huku Umalila, Mbeya, na daftari lililojaa hesabu. Nilitaka tuache lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, tununue mizani, tuuze kwa kilo. Gunia linalolipiwa kama la kilo 100 nililipima pamoja na kichwa chake kilichoshonewa kamba: kilo 130. Magunia 20, umegawa kilo 600 bure. Nikaongeza kuwa sheria ya vipimo hairuhusu gunia lizidi kilo 100. Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza kama kesho mvua itanyesha.

Mkutano uliofuata nikaja na uchungu: ada za watoto, viganja vya mama zetu vilivyopasuka kwa jembe. Makofi yakapigwa, mama mmoja akafuta machozi. Wiki ileile fuso likaja, lumbesa zikapakiwa.

Mama yuleyule ndiye aliyenifumbua macho. "Mwanangu, maneno yako matamu. Ila wewe mwezi uliopita uliuzaje?"

Lumbesa. Nilikuwa na deni la mbolea.

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia tatu za kushawishi: hoja yenyewe, hisia za msikilizaji na tabia ya msemaji. Hii ya mwisho aliiona karibu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ila alitaka imani hiyo ijengwe na hotuba, si na sifa uliyokuja nayo. Hapo nabishana naye. Kijijini sifa yako hutangulia mkutanoni, ukifika unaikuta imeshakaa kiti cha mbele.

Kwa hiyo, kwa watu wanaokujua, anza na ulichofanya wewe, hata kikikuaibisha. Msimu uliofuata niliazima mizani nikauza magunia yangu manane kwa kilo. Wanunuzi wawili walinikatalia. Wa tatu akanunua, wakati viazi vingine vimeshageuka kijani. Nilieleza yote, na hasara ile pia. Safari hii daftari liliombwa, likazunguka mkono kwa mkono.

Wakati nao una kauli yake. Mwanzoni nilizungumza wakati viazi viko tayari shambani na kila mtu anadaiwa. Mwenye deni hasikii habari za kilo. Mara ya tatu nilisema kabla ya kupanda.

Watu kumi na mmoja wamechangia mizani. Mama yule bado. Anasema ananiangalia msimu mmoja zaidi.