Rwanda kwa sisi wa jirani: chagua usichonacho nyumbani

Likizo ya Juni ikikaribia, swali linalonifuata ni moja: "Dada, tunakwenda Rwanda siku nne, tuone nini?" Na swali hilo haliji peke yake, huja na orodha kabisa. Gorila, mbuga ya Akagera, Ziwa Kivu, msitu wa Nyungwe, makumbusho ya mfalme, halafu Kigali usiku. Ukimuuliza mtu atavimaliza vipi vyote hivyo kwa siku nne, anakushangaa: si nchi ndogo?

Ndogo kweli. Ina kilomita za mraba 26,338, na mkoa wa Tabora peke yake unaizidi karibu mara tatu. Tatizo ni kwamba udogo huo uko kwenye ramani iliyolazwa mezani, ilhali nchi yenyewe imesimama wima. Bugarama, kule pembe ya kusini-magharibi, ni bonde la joto, mita elfu moja hivi kutoka usawa wa bahari, na watu wanalima mpunga. Kaskazini mlima Karisimbi una mita 4,507. Katikati ya hapo kuna mbuga ya nyasi, vinamasi, mashamba ya chai, msitu wa mvua na ziwa lililozungukwa na miteremko mikali. Kila mita unayopanda unailipia kwa kona.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia watu ni kuacha kuhesabu kilomita. Kigali hadi Musanze, mji wa kaskazini wa kwendea gorila, haifiki kilomita mia, lakini ni mwendo wa saa mbili. Kigali hadi Rusizi kupitia Huye na Nyungwe, tenga saa sita hivi. Lami ni nzuri, pengine kuliko uliyoiacha nyumbani, ila mabasi yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa na kamera ziko barabarani. Dereva hawezi kukufidia muda hata umbembeleze. Mtu aliyezoea mabasi yetu ya Mwanza kwenda Dar hupata shida kidogo ya kuvumilia.

Jambo la pili ndilo kubwa, na ndilo sioni likiandikwa. Ratiba nyingi za Rwanda zimetungwa kwa ajili ya mtu aliyetoka Ulaya au Marekani. Yeye hajawahi kuona twiga porini, hajawahi kuona ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani, na pengine hatarudi tena maishani. Ni haki yake aanze na wanyama wa mbugani. Wewe wa Mwanza, lango la Ndabaka la Serengeti liko barabara ya kwenda Musoma, unalipita ukienda msibani. Sasa unaendaje Rwanda kutumia siku nzima na pesa za gari kuangalia pundamilia?

Simaanishi Akagera ni mbaya. Ni hifadhi ya mwaka 1934, baada ya vita vya miaka ya tisini ilipunguzwa sana ili wakimbizi waliorudi wapate ardhi ya kuishi, na imefufuliwa kwa kazi kubwa. Simba walirudishwa mwaka 2015, faru weusi mwaka 2017. Ukiwa mtu wa Bukavu au Goma, uliyekulia juu ya Kivu na milima ya moto ukiiona kila asubuhi, Akagera ndiyo ya kwanza kwako na Kivu ndiyo ya mwisho. Mnyakyusa wa Tukuyu naye afikiri mara mbili kabla ya kwenda kukaa Musanze. Baridi anayo, viazi mviringo anavyo, chai anayo, ziwa la kreta analo pale Ngozi. Atasafiri siku mbili kwenda kuona kwao, tofauti ni kwamba milima imeongezwa urefu.

Mimi nakaa Mwanza na huvuka mpaka wa Rusumo mara kwa mara kwa biashara ya vitenge, na nikimaliza kununua hubaki siku moja mbili kutembea. Kwa mtu wa huku kwetu, mahali ninapopasemea kwanza ni Nyungwe.

Ni msitu wa mvua wa milimani wenye kilomita za mraba zaidi ya elfu moja, na mwaka 2023 uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tanzania tuna misitu, najua. Lakini kufika Mahale ni safari ya meli au boti au ndege ndogo, na Nyungwe imepasuliwa na barabara ya lami. Unakaa dirishani kwenye basi la Huye kwenda Rusizi, na kama una bahati unaona kima na mbega pembezoni mwa barabara bila kulipa hata faranga. Mbega wa Nyungwe wana tabia ya kutembea kwa makundi makubwa mno, ya mamia. Sokwe nao wapo, ila kuwafuata kunataka kuamka usiku, miguu imara na moyo wa kukubali kurudi hujawaona. Mwenye watoto wadogo aachane nalo. Badala yake aende Uwinka, kwenye daraja la kamba na chuma linaloning'inia juu ya miti. Lina urefu wa mita 160 na chini yako kuna karibu mita 70 hadi bondeni. Nimeona wanaume wenye vifua wakilivuka huku wamefumba macho. Chukua sweta. Sisemi kwa adabu tu, pale ni zaidi ya mita 2,000 na ukungu hutua hata mwezi Julai.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niupende msitu ule, nayo ni ya kwetu. Mgongo wa Nyungwe ndio unaogawa maji. Mvua inayoanguka upande wa magharibi inaishia mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Inayoanguka mashariki inaingia Rukarara, kisha Nyabarongo, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria. Maji tunayochota Mwanza, sehemu yake imetoka pale. Waonyesheni watoto jambo hilo, linaingia kichwani kuliko ramani ya darasani.

Kuhusu Kivu, najua utaniuliza: mtu wa ziwa aende ziwani kufanya nini? Hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo, lakini ziwa hili si kama letu. Liko mita 1,460 juu, maji ni ya kina kirefu, kingo zake zimekatika ghafla na limejaa visiwa na ghuba ndogo ndogo. Halina mamba wala kiboko. Kwa mtu aliyekua akionywa kila siku asiingie majini, kuogelea jioni bila kuangalia nyuma ni starehe ya peke yake. Chini kabisa ya ziwa kuna gesi ya methani, na pale Karongi wanaivuta na kuzalisha umeme tangu mwaka 2016. Samaki wanaoitwa sambaza, wale wadogo wa kukaangwa, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, kwa hiyo mtu wa Kigoma atawatambua akiwaona kwenye sahani. Agiza na ndizi za kukaanga na pilipili yao. Pilipili hiyo ianze kwa tone.

Miji ya ziwani ni mitatu na watu hukosea kuichukulia kama mmoja. Rubavu ina mchanga, hoteli kubwa, muziki na vijana wa Kigali mwisho wa wiki. Rusizi ni mji wa biashara zaidi ya utalii. Karongi ni wa utulivu, vilima vinashuka hadi majini, na boti za kwenda visiwani zipo. Mimi huchagua Karongi bila kufikiri. Rubavu imepakana na Goma na Rusizi imepakana na Bukavu, na hali ya usalama upande wa Kongo unaijua, basi sikiliza habari za wiki hiyo kabla ya kulipia chumba. Na wanaopanga kuunganisha na Bujumbura wakumbuke kwamba Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Uliza ulivyo sasa, usiende kugundua getini.

Gorila. Bei inayotangazwa ya dola 1,500 huwafanya watu wetu wafunge mjadala hapo hapo. Hiyo ni ya mgeni wa mbali. Raia wa Afrika Mashariki tumewekewa bei yetu, ya chini sana ukilinganisha, kwa hiyo uliza kwa pasipoti yako kabla ya kukata tamaa. Hata hivyo bado ni pesa ya kufikiria. Asiyetaka kuitoa asidhani Musanze haina kingine: kuna kupanda Bisoke, mita 3,711, wenye ziwa kileleni, na kuna maziwa pacha ya Burera na Ruhondo yanayotazamana na milima ya moto, ambako siku nzima inaweza kuisha kwa gharama ya boti na chakula. Mimi nimewahi kuwapeleka wageni Burera wakasahau kabisa habari ya gorila.

Kigali usiipange kama mahali pa kulala tu. Kumbukumbu ya Gisozi, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa kwenye mauaji ya kimbari ya 1994, ipe asubuhi yake na usiifungie ratiba nyingine nyuma yake. Nimewaona watu wakitoka pale saa tano na kukimbizwa na kiongozi wa msafara kwenda sokoni kununua vikapu. Mtu hawezi. Nyamirambo, kwa upande mwingine, nenda jioni ukiwa na njaa. Ni mtaa wa Waislamu wa zamani, Kiswahili kinazungumzwa tangu enzi na utajisikia uko Kariakoo iliyofagiliwa. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, ila vijijini usikitegemee sana. Miji ya mipakani na Kongo ndiko utaelewana na watu bila kuhangaika.

Huye na Nyanza ziko njiani kuelekea Nyungwe na sioni sababu ya kuzifanyia safari ya pekee. Simama Nyanza uone ikulu ya zamani na ng'ombe wa inyambo, wale wa pembe ndefu wanaotunzwa na kuimbiwa. Sisi Wasukuma tunajua ng'ombe, lakini kuwaimbia hivyo, hapana, hapo wametushinda.

Sasa ukinibana nikupe njia, mtu wa Kanda ya Ziwa mwenye siku sita au saba: ingia Rusumo, lala Kigali, shuka Nyanza na Huye, lala karibu na Nyungwe usiku mbili, teremka hadi Rusizi, kisha panda kaskazini kwa barabara ya lami inayofuata ziwa mpaka Karongi, upumzike hapo, urudi Kigali kupitia Muhanga. Kaskazini yote umeiacha na hujapoteza kitu, itakungoja. Mwenye siku nne achukue Kigali na Karongi, basi. Sitaongeza.

Ukija na gari lako, ukishavuka Rusumo unahamia kulia, na saa yako irudishe nyuma saa moja. Mifuko ya plastiki iache Benako, upande wetu wa mpaka, marufuku yao ni ya tangu 2008. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda: kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wako kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa na barabara zimetulia, kwa hiyo usiipange kuwa siku ya kusafiri asubuhi. Na tiketi ya Karongi inunue Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, siku moja kabla, hasa Ijumaa. Kule basi likijaa limejaa, hakuna wa kukubania kiti cha kati wala ndoo ya kukalia.