Kuandika wasia ni kujichuria kifo?

SWALI: Ustadh assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina kisukari na mwaka huu nilishalazwa. Nikaanza kuandika daftari la wasia, nani ananidai, na pesa za upatu za wenzangu nilizoshika. Mume wangu na mawifi wamekuja juu, eti najichuria. Na kweli usiku naogopa kufa mpaka usingizi unakata. Imani yangu ndogo?

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu, Allah akupe shifaa. Swali lako limenikaa moyoni, maana haya maneno ya uchuro yamejaa majumbani kwetu na matunda yake tunayaona misibani, maiti haijatoka ndani watu washaanza kubishana nani alimdai marehemu.

Hao wanaokukataza nawauliza, habari ya Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, hawajaisikia? Aliugua Makka kwenye Hija ya kuaga, akajiona ndo anakwenda, akamuuliza Mtume swalla Allahu alayhi wa sallam ausie mali yake yote, akaambiwa hapana, nusu, hapana, theluthi, akaambiwa theluthi, nayo ni nyingi. Mtume hakumwambia nyamaza unajichuria! Na Saad hakufa, aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya hapo, akaongoza jeshi kwenye vita vya Qadisiyya, akazaa watoto wengine. Sasa uchuro uko wapi? Mtume amesema Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa, halafu mtu anakuja na "mila zetu". Mila gani hiyo inayomzika mtu na madeni ya watu shingoni.

Hofu yako isikuvunje moyo. Bibi Aisha mwenyewe alisema sisi sote tunachukia mauti, na Mtume akamfafanulia kuwa muumini yakimfika hubashiriwa rehema za Allah, hapo ndo anapenda kukutana na Mola wake. Ila kukosa usingizi mwambie na daktari, usikae nalo peke yako.

Kwenye daftari anza na madeni, pesa za upatu ziandike mbali kabisa, hizo ni amana si urithi. Mume na watoto usiwausie mali, mafungu yao ya urithi yashapangwa. Weka mashahidi wawili. Mumeo naye kaa nae kwa upole, huenda anaogopa kukukosa na hajui aseme vipi. Na dawa za sukari usiache hata siku moja, wapo wanaoziacha wakisema siku yangu ya kufa ishaandikwa, hiyo si tawakkul, yaani kumtegemea Allah, hata kidogo.