Asali ya familia kuingia mkataba na kampuni ya Dar: yaliyotukuta Sikonge

Mkuu, umeuliza kama familia yenu hapo Urambo isaini na kampuni ya Dar inayotaka asali yenu, au mtamezwa. Sisi tuko Sikonge, biashara ni ya baba, baba mdogo na shangazi, na huu ni msimu wa nne tunauzia kampuni.

Kampuni haikutumeza. Tulikaribia kumezana wenyewe.

Waliagiza tani 2. Sisi tumezoea ndoo, tukahesabu ndoo ya lita 20 ni kilo 20, tukakusanya ndoo 100, nyingine kwa mkopo kwa majirani. Asali ni nzito: ndoo hiyo ina kama kilo 28. Gari likabeba 70 na kitu likaondoka, zilizobaki tukahangaika nazo na madeni juu.

Hilo lilipita. Lililouma ni maji. Mkataba ulitaka unyevu usizidi asilimia 20, kiwango kile kile cha kimataifa. Fundi wao akadondosha tone kwenye kioo cha kipimo, akafumba jicho moja, akakielekeza kwenye mwanga. Asali ya baba mdogo: asilimia 23. Alirina kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta. Huyu ndiye aliyenilipia ada mpaka kidato cha nne, nani amwambie mzigo wake umekataliwa? Baba aliona aibu, fundi alipoondoka akaamuru tuchanganye na ndoo nzuri. Dar wakapima upya, mzigo wote ukashushwa bei.

Nyumbani hatukusemezana karibu mwezi. Shangazi ndiye aliyeitisha kikao. Tukanunua kipimo chetu, kinakaa kwake, na kila mtu anapima asali yake mwenyewe kabla haijaingia stoo. Anayeongea na kampuni ni shangazi peke yake, hata baba akipigiwa simu anamwelekeza kwake. Tukasajili pia kampuni kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na kugawana hisa, maana mwanzo tulikuwa na jina la biashara tu, la baba, na kisheria hilo halitenganishwi na mwenyewe: deni la biashara ni lake.

Kwa hiyo mkataba usome, lakini kwanza kaeni mkubaliane ni nani atakayewaambia wazee hapana, na kwa kipimo gani.

Juni iliyopita nilikwenda porini na baba mdogo. Akafungua mzinga, akatazama masega, akaufunika tena. "Bado, mwanangu. Turudi wiki ijayo."