Kunde panda, choroko nunua

Kunde na choroko ni ndugu. Wataalamu wa mimea wanaziweka kwenye jenasi moja ya Vigna, ingawa kunde asili yake ni Afrika na choroko ni India. Nimelima zote mbili, na kwa mwenye matuta machache nyuma ya nyumba msimamo wangu ni huo hapo juu.

Kunde inaanza kukulisha mapema. Wiki chache tu baada ya kuota unachuma majani machanga (chukua ncha laini, usiupukutishe mche), kisha maganda mabichi, mwisho mbegu kavu. Majani yakizidi, yachemshe kidogo uyaanike, utayala kiangazi. Choroko haikupi mboga hiyo, na juu ya hapo haiivi kwa pamoja. Mche mmoja utaukuta na maua, maganda ya kijani na maganda meusi yaliyokauka. Hayo meusi ukiyachelewesha, jua la mchana linayapasua na mbegu zinarukia chini. Unachuma kwa awamu, mgongo umeinama. Mwenye ekari zake atapata faida, lakini kwa matuta matatu ni kujitesa.

Jikoni choroko inaokoa mkaa. Si lazima kuiloweka; ikianza kupasuka tia tui, basi. Kunde kavu, hasa za msimu uliopita, loweka usiku kucha.

Kwenye bajia, hata hivyo, mimi sibadilishi kunde kwa chochote. Zikishalowana zisugue kwa viganja mpaka zivuke maganda, jaza maji, maganda yaelee, mwaga, rudia. Saga na kitunguu saumu na pilipili mbichi kwa maji kidogo mno, kisha upige huo mchanganyiko mpaka uwe mwepesi. Dondosha kidogo kwenye bakuli la maji: ukielea, bandika mafuta. Ukizama, endelea kupiga.

Kuhifadhi ni kazi ileile kwa zote, maana mdudu anayezitoboa ni yuleyule. Mifuko ya PICS, ya kuhifadhia mbegu bila kuingiza hewa, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliibuni kwa ajili ya kunde hasa, kule Cameroon. Kama una kilo chache, tumia chupa za plastiki zilizokauka vizuri, ujaze mpaka shingoni na kukaza kizibo. Ila kwanza ng'ata mbegu moja: ikibonyea badala ya kuvunjika, rudisha juani.