Ya kwangu ni Vespa ya gia

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtu akishastaafu, pikipiki gani inamfaa kwa matembezi ya raha zake, na kwa nini? Mimi nipo Unguja, miaka sitini nimeshaipita, na jibu langu ni Vespa ya gia, ile skuta ya Kiitaliano, khasa aina ya PX 150. Nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu naona watoto wanaowatafutia wazazi wao chombo huanza kuuliza nguvu ya injini, na kwa umri wetu hilo ndilo la mwisho kuulizwa.

La kwanza ni kupanda na kushuka. Pikipiki ya kawaida lazima uinue mguu uuvushe juu ya kiti, na goti likiwa linauma au nyonga imekaza, taabu inaanza kabla injini haijawaka. Zile pikipiki ndefu za porini wanazokodi watalii kwenda Nungwi na Paje ni nzuri kwa kijana, lakini mzee wa kimo cha kawaida akisimama nayo kwenye mchanga, ni ncha za vidole tu zinazogusa chini. Vespa unapitisha mguu mbele ya kiti, unakaa. Mgongo umenyooka, magoti yako pamoja, miguu imetua juu ya bati. Siku ambayo mwili haukuamka vizuri bado unaweza kwenda nayo sokoni na ukarudi.

Haya hayakuja kwa bahati. Aliyeichora Vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki za zama zake hakuzipenda: cheni inachafua nguo, kukaa ni shida, na tairi ikitoboka kuibadilisha ni kazi. Kiwanda cha Piaggio cha Italia kilipoitoa Vespa mwaka 1946, cheni ilikuwa imeondoka kabisa, injini imefunikwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, gia zimehamia mkononi, na gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kwa mtindo wa magurudumu ya ndege. Sisi wa visiwani tunavuna matunda ya mawazo yake kila Ijumaa. Mtu anakwenda msikitini na kanzu nyeupe na anarudi nayo nyeupe. Mke wangu akipanda nyuma, baibui lake halikutani na cheni wala spoki, maana hakuna. Wanaojua ajali za baibui kunaswa na gurudumu la bodaboda wataelewa kwa nini jambo hili naliweka juu ya mwendo na juu ya bei.

Uzito nao. PX ina kama kilo 110. Royal Enfield Classic 350, ambayo wengi watawaandikia kuisifu, na wana haki ya kuisifu, ina kilo 195. Ile sauti yake ya silinda moja inayopiga taratibu mimi mwenyewe naipenda, na ikipita barabarani nageuka kuitazama. Lakini nyumba nyingi za huku Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, chombo hulazwa ndani: unakipandisha kizingiti juu ya kipande cha ubao, unakigeuza kwenye ukumbi mwembamba, asubuhi unakitoa kinyumenyume. Kilo mia mbili kasoro tano hazitaki mtu wa sitini na kitu afanye hivyo peke yake. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, izime hiyo unayoitaka, isukume kwenye mwinuko mdogo, ipandishe kwenye stendi, ishushe, kisha urudie. Ukihema, itafute nyengine, hata ikiwa nzuri namna gani.

Mtaniambia: kama ni wepesi tu, kuna Boxer, kuna TVS, kuna na skuta za plastiki zisizo na gia. Ni kweli, na Boxer kwa kazi haina mpinzani. Lakini swali lenu ni la matembezi ya raha, na raha inataka chombo ambacho mikono na masikio yako yana la kufanya nacho. PX unaipiga kiki. Asubuhi ya baridi ya Julai unaivuta choki, unapiga mara moja na ya pili, inaamka na moshi kidogo, halafu inatulia. Ukibana klachi mkono wa kushoto, unazungusha kiganja, na gia unaihisi ikiingia, tak, ndani ya ngumi yako. Injini haifiki hata cc 150 kamili, ni 149.5, na petroli yake inachanganywa na oili: mililita 20 kwa kila lita moja. Mzee akijaza tangi la lita 8 hujua mwenyewe ni kipimo gani cha oili kinaingia, wala hamwachii mtu wa pampu. Kazi ndogondogo za namna hii mimi zinanifurahisha. Zinanifanya nikijue chombo changu.

Mwendo ninaokwenda nayo ni kilomita 40 au 50 kwa saa, na kwa kisiwa hiki ndio mwendo wa haki. Baada ya sala ya alasiri natoka mjini kwa njia ya Maruhubi na Mtoni, bahari iko kushoto, mpaka Bububu. Hapo nakata kulia kupanda Kidichi, ambako Sultani Sayyid Said alijenga hamamu, nyumba ya kuogea, mwaka 1850, na nikiendelea naingia kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani. Ukiwa kwenye gari la vioo vilivyofungwa hupati chochote katika hayo. Juu ya Vespa harufu inabadilika kila unapopinda: mwani na dagaa kule pwani, kisha majani mabichi, kisha kuni za mtu anayepika. Na unapita kwa mwendo wa kuamkiana. Mzee mwenzio aliyekaa barazani akinyanyua mkono, unamtambua, unapunguza gesi, mnaulizana khabari za nyumbani bila kupiga kelele. Siku nyengine naelekea kusini, kupitia msitu wa Jozani, pale palipowekwa matuta barabarani kwa ajili ya kima punju, mnyama asiyepatikana popote duniani isipokuwa Zanzibar. Wenye magari wanayalalamikia yale matuta. Mimi napunguza kwa moyo mkunjufu, na mara nyingi kima wako pale pale, juu ya miti ya ukingoni, mama na mtoto kifuani.

Sasa ya kuangalia mtu anaponunua, kwa sababu Piaggio wameshaacha kuitengeneza PX na utakayoipata ni iliyotumika. Vipuri si shida kubwa: Wahindi walitengeneza Vespa kwa leseni, Bajaj tangu miaka ya 1960 na LML ikaja na PX miaka ya 1980, na vitu vyao vingi vinaingiliana. Adui wa kweli huku kwetu ni chumvi ya bahari. Vespa haina fremu; bodi yenyewe ya bati ndiyo inayobeba injini, usukani na wewe. Bati likioza, hukununua kitu. Basi usidanganyike na rangi mpya. Nyanyua mpira wa pale pa kukanyagia, chukua tochi, piga magoti uangalie chini yake, khasa pale pedeli ya breki inapopenya na kwenye mikunjo ambako maji husimama. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima linaitika kwa sauti kali, lililooza linajibu butu na unga mwekundu unadondoka. Chukua na sumaku ndogo, ipitishe ubavuni. Pale inapokataa kunata kuna puti nene chini ya rangi, na aliyeipaka alikuwa na la kuficha. Fungua kifuniko cha kushoto uone tairi la akiba; lipo upande huo kusaidia kuulinganisha uzito wa injini iliyo kulia, kwa hiyo ukikuta limetolewa, lirudishe.

Ukishainunua, ioshe kwa maji ya bomba kila ukitoka pwani, na usiiegeshe ufukweni usiku kucha.

Ina udhaifu wake na sitauficha. Magurudumu ni ya inchi 10, madogo. Shimo ambalo Boxer inalivuka, Vespa inaingia nalo chini. Baada ya mvua za masika usipite kwenye dimbwi usiloliona kina. Breki za zile za zamani ni za dramu mbele na nyuma, hazikamati ghafla, kwa hiyo mwachie daladala nafasi ya kutosha na uanze kupunguza mapema. Kwenye mchanga uliomwagika juu ya lami tumia pedeli ya nyuma taratibu, ile ya mbele usiiguse huku usukani umepinda. Na helmeti ivaliwe, hata ukienda dukani tu. Wazee wenzangu hapa tunakaidi sana, tunasema kofia ya viua inatosha. Haitoshi. Mfupa wa umri wetu haurudi kuunga upesi kama wa kijana.

Kuna mtu mmoja ambaye simshauri Vespa ya gia hata kidogo: mwenye baridi yabisi ya kiganja au kifundo cha mkono wa kushoto. Klachi ile inabanwa na kuzungushwa kwa wakati mmoja, mara nyingi sana ukiwa katikati ya mji, na kifundo kikivimba utashindwa kutoa gia pale unapoihitaji. Mtu huyo achukue skuta isiyo na gia, yenye kiti cha chini na pa kuweka miguu pamoja, na akiipata yenye magurudumu ya inchi 12 au zaidi atakuwa amepata nafuu ambayo mimi sina.