Ndege mbili njia moja ya Mtwara: nani anazitenganisha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nikirudi Mtwara kutoka Dar, niliona dirishani ndege nyingine ikipita chini yetu kuelekea tulikotoka, karibu mno. Nasikia Mtwara hakuna rada. Je, waongoza ndege wanatuona kweli? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Marahaba. Ndege ile ilipita chini yenu kwa sababu ndipo ilipopangiwa kupita.

Kutoka Dar kuja Mtwara mnaelekea kusini, mkiegemea mashariki kidogo. Kanuni za kimataifa huzipa ndege zinazofuata nyuzi 0 hadi 179 za dira kimo cha maelfu witiri ya futi, kama 17,000 au 19,000. Zinazofuata nyuzi 180 hadi 359, kama ile mliyopishana nayo, hupewa shufwa, kama 18,000. Kwa hiyo anayekwenda na anayerudi huachana kwa futi 1,000, yaani takribani mita 300. Ndege ya abiria aina ya ATR 72 ina urefu wa mita 27 kutoka pua hadi mkia. Hapo katikati zingepangwa kumi na moja. Jicho linadanganyika kwa kuwa angani hakuna mti wala paa la kupimia, tena mlikuwa mnapishana kwa karibu kilomita 1,000 kwa saa.

Kimo chenyewe hupimwa kwa mgandamizo wa hewa, nao hubadilika kila siku. Ndiyo maana ndege zikishapanda, marubani wote huweka kipimo cha kimo kwenye mgandamizo mmoja, hektopaskali 1013. Kama namba hiyo imepishana na hali halisi ya siku ile, imepishana kwa wote sawasawa, na nafasi baina yao inabaki.

Sasa rada. Tanzania Bara zipo Dar, KIA (uwanja wa Kilimanjaro), Mwanza na Songwe. Mtwara iko kama kilomita 400 kutoka Dar. Mawimbi ya rada husafiri moja kwa moja ilhali dunia imejikunja, hivyo ndege ikishuka kuja Mtwara huzama chini ya upeo wa rada ya Dar. Kuanzia hapo mwongoza ndege anafanya kazi kwa saa, kimo na taarifa za rubani. Binafsi naiheshimu sehemu hii kuliko zote. Tuseme ndege moja inaruka Mtwara na nyingine inakuja. Anayeruka ataambiwa asivuke futi 5,000, anayekuja asishuke chini ya 6,000, mpaka taarifa zao zithibitishe kwamba wamepishana. Rubani lazima arudie agizo neno kwa neno. Akirudia vibaya, mwongozaji anamsahihisha papo hapo, maana usalama wote umeshikiliwa na namba ile.

Zikifuatana kwa kimo kimoja bila rada, kwa kawaida huachanishwa dakika 10 au 15. Penye rada, maili 5 za baharini hutosha, kama kilomita 9.

Ndege za abiria za aina uliyopanda zina pia mtambo unaotambua ndege nyingine na kumwamuru rubani apande au ashuke. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, mtambo ulimwambia rubani mmoja apande huku mwongozaji akimwambia ashuke. Akashuka, na mwenzake naye alikuwa akishuka kwa amri ya mtambo wake. Walikufa watu 71. Baada ya hapo kanuni ilifafanuliwa isiache shaka: rubani afuate mtambo, kisha amjulishe mwongozaji.